Tatizo Si Mashine, Mdogo Wangu

Haya, sogeeni karibu. Barua za mwezi huu zimenichekesha, halafu zikanitia huruma. Binti mmoja wa Mwanza kapokea pesa yake ya mchezo, kanunua mashine ya espreso inayong'aa, kaiweka jikoni pembeni ya friji ili kila anayeingia aione, kisha akawaalika mashoga zake Jumamosi jioni. Aliwaahidi kahawa nzito yenye ladha ya chokoleti, ile anayoinywa akienda hotelini mwisho wa mwezi. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chepesi, na kichungu hadi shoga mmoja akaomba soda. Sasa ananiuliza: Dada, niiuze hii niongeze pesa nichukue kubwa zaidi?

Hapana, mdogo wangu. Usiuze kitu, na wala usiongeze hata senti. Kwanza tulia. Aibu ya Jumamosi imeshapita, na kama mashoga zako bado wanacheka, waache wacheke hadi siku utakapowanyamazisha kwa kikombe kizuri. Wenye tatizo lako ni wengi. Yupo kijana wa Arusha anayelalamika kwamba kahawa yake ni chachu hadi anakunja uso. Yupo mama wa Mombasa anayehifadhi kahawa kwenye friji, jirani na samaki, halafu anashangaa mbona inanuka. Na yupo mmoja, huyo nitamrudia kwa sababu alinitisha, aliyetia unga wa kakao ndani ya birika la moka. Wote mnatafuta kitu kimoja, na wote mmekitafuta pasipokuwapo.

Nawaambia mapema, na nitarudia mpaka mnichoke: chokoleti haimo kwenye mashine. Imo kwenye buni, imo kwenye mkono wa aliyeikaanga, imo kwenye usagaji. Mashine huja mwisho kabisa, na kazi yake ni kutoa kilichomo. Ukiitia kahawa iliyochuja, itakupa kahawa iliyochuja, hata kama bei yake ni ya kununulia bodaboda.

Tuanze na hiyo chokoleti yenyewe, maana wengine mnadhani kuna mtu anaitia kiwandani. Hakuna anayeitia. Buni mbichi ina rangi ya kijani iliyofifia, na ukiinusa inanukia majani makavu tu. Lakini ndani yake mna sukari na protini, na vitu hivyo vikikutana na moto hubadilika, vikazaa harufu za karanga, karameli na kakao. Joto likifika karibu nyuzi 200, punje hupasuka kwa mlio unaousikia kabisa. Mkaangaji akiishia hapo mwanzoni, kahawa inabaki na uchachu wake wa matunda. Akiendelea kidogo, uchachu unapungua, utamu unakolea, na hapo ndipo chokoleti yako ilipo. Akizidi, punje hupasuka mara ya pili, mafuta yanatoka nje, na kuanzia hapo unakunywa mkaa. Nyinyi mnaopika pilau mnalijua jambo hili: kitunguu kikifika rangi ya hudhurungi ni kitamu, ukigeuka kujibu simu ukarudi, kimeungua, na hakuna maji wala nyanya itakayokirudisha.

Kwa hiyo ukiingia dukani, usichague kahawa nyeusi ti kwa kudhani weusi ndio nguvu. Hili ndilo linalowaponza wengi wenu, na sioni ajabu, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba kahawa kali ni ile chungu. Tafuta iliyokaangwa kati na kati kuelekea iliyokolea, yenye rangi ya hudhurungi nzito. Mimina punje chache kiganjani. Zikiwa kavu, au zina mng'ao mdogo tu hapa na pale, vizuri. Zikiwa nyeusi, zimelowa mafuta na zinakuachia kiganja kinateleza, zirudishe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Sasa, buni ya wapi? Hapa nawaona mnavyoshindana kutaja majina. Mmoja kaniandikia kwa fahari kwamba yeye hanunui ila daraja la AA, kwa sababu ndilo tamu kuliko yote. Mdogo wangu, AA ni ukubwa wa punje. Zinapitishwa kwenye chekeche, zile kubwa zikabaki juu zikaitwa AA, ndogo zikashuka zikaitwa majina mengine. Punje kubwa inapendeza kwa macho na bei yake mnadani huwa nzuri, lakini herufi hizo hazikuambii kama imekaangwa jana au mwaka juzi, wala kama ina chokoleti au haina. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Nimeonja daraja B lililokaangwa vizuri likaiaibisha AA iliyolala kabatini.

Kahawa ya Kilimanjaro na Arusha ni arabika, na kwa kawaida humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja. Kuoshwa huko kunaiachia ladha safi na uchachu uliochangamka, jambo ambalo wanywaji wa kahawa ya kuchuja wanalipenda sana. Ila kijana wangu wa Arusha, wewe umechukua kahawa hiyo ikiwa imekaangwa kidogo tu, umeibana kwenye mashine ya espreso inayokoleza kila kitu, halafu unalia kwamba ni chachu. Hujaibiwa, umepewa ulichonunua. Kahawa hiyohiyo ya kwenu ikikaangwa zaidi kidogo itatulia. Mimi kwa espreso nyumbani hupenda arabika ya kusini, ya Mbinga au ya Mbozi, iliyokaangwa kati kuelekea kukolea, kisha naiongezea robusta ya Kagera.

Naona mmekunja nyuso. Robusta! Mmesikia mahali kwamba robusta ni kahawa ya kimaskini, basi mmelibeba neno hilo kila mkutanapo. Robusta mbaya ipo, sikatai, inanuka gunia. Lakini robusta safi ya Kagera, ile inayoanikwa na maganda yake hadi ikauke, inaipa espreso unene mdomoni na lile povu zito la juu, na uchungu wake unaegemea kwenye kakao chungu. Waitaliano, ambao ndio wenye espreso yao, wamekuwa wakichanganya robusta tangu zamani, na kusini mwa Italia huiweka kwa wingi. Wahaya nao walikuwa wakiitafuna buni hii, ikiwa imechemshwa na viungo ikakaushwa, wakimpa mgeni kwa heshima, karne nyingi kabla ya mashine yoyote. Kwa hiyo heshimuni. Anza na sehemu moja ya robusta kwa sehemu nne za arabika. Ukipenda unene zaidi, ongeza taratibu. Ila kumbuka robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo mwenye moyo wa kwenda mbio asijifanye shujaa.

Nyinyi mlioko ughaibuni, mnaoniandikia kutoka Toronto na London, kwenu ni rahisi zaidi. Ulizeni buni ya Brazil iliyokaushwa na tunda lake. Hiyo ndiyo nguzo ya michanganyiko mingi ya espreso duniani kwa ajili ya ladha ya karanga na chokoleti. Ila mkikutana na ya Tanzania rafuni, msiipite.

Tarehe sasa, na hapa nitakuwa mkali. Pakiti nyingi zina tarehe ya kuisha matumizi, ambayo haikusaidii chochote. Unachotaka kujua ni siku iliyokaangwa. Kahawa ikitoka kwenye moto huwa imejaa hewa ya ukaa, ukiikimbilia siku hiyohiyo inatoa mapovu makubwa na ladha haijatulia. Iache wiki moja. Kati ya wiki ya kwanza na ya nne au ya tano ndipo ilipo tamu. Baada ya hapo inashuka, na hata povu linakuwa jembamba. Ndiyo maana nakusihi ununue robo kilo, usinunue kilo mbili kwa kuwa zimepunguzwa bei. Rahisi huvunja upishi. Binti wa Mwanza, nilipokuuliza kahawa yako ilikaangwa lini ulinijibu kwamba ulipewa zawadi ya Krismasi, na hatukuwa mbali na Krismasi nyingine. Unaona sasa kwa nini nilikukataza kuuza mashine?

Ukifika nayo nyumbani, itie kwenye chombo kinachofunga kabisa, uiweke kabatini mbali na jiko na mbali na jua. Friji hapana. Mama wa Mombasa, kahawa hufyonza harufu ya kila jirani, na kila ukiitoa kwenye baridi ukaifungua kwenye joto la pwani, unyevu unaikalia. Umekuwa ukinywa kahawa ya changu.

Tuje kwenye kusaga, na hapa nataka simu ziwekwe chini. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja kizuri, usikitafute kwenye mashine ya espreso, kitafute kwenye mashine ya kusagia. Najua inauma, kwa sababu mashine ya kusagia haivutii macho, hakuna mgeni atakayeisifu. Lakini blenda ya viungo ile yenye panga linalozunguka haisagi, inakatakata. Inakupa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja. Maji yakipita humo, yanalichuja vumbi hadi likatoa uchungu, na vipande vikubwa yanavipita bila kuvichuja vya kutosha, vikatoa uchachu. Kikombe kimoja, makosa mawili. Kinu na mchi nacho, pamoja na mapenzi yangu yote kwa kinu cha bibi, ni vilevile. Tafuta ya mkono yenye meno ya chuma yanayosagana, yenye gurudumu la kurekebisha ulaini. Inachosha mkono dakika moja au mbili, sawa, lakini Tanesco ikikata umeme wewe unaendelea.

Na usage pale unapotaka kunywa. Kahawa nzima inavumilia wiki kadhaa, iliyosagwa huanza kupoteza harufu dakika hiyohiyo. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni unaposaga ni ladha inayotoka kwenye kahawa kwenda hewani. Ukisaga Jumapili ya wiki nzima, Alhamisi unakunywa kumbukumbu.

Kabla hujagusa mashine, chukua kile kikapu cha bati kinachotiwa kahawa, ukigeuze chini juu, ukitazame kwenye mwanga. Vingi vya mashine za bei ndogo vina matundu mengi ndani lakini kwa chini vina tundu moja dogo tu. Kikapu hicho kimetengenezwa kudanganya: kinaibana kahawa pale tunduni itoe povu hata ikiwa imechuja na imesagwa vibaya. Si dhambi kuwa nacho, kinamsaidia mwenye kahawa ya kopo. Ila povu lake lisikutie kiburi, na kwa kikapu hicho kurekebisha usagaji hakutakuonyesha tofauti kubwa. Ukiweza kupata kikapu cha kawaida cha ukubwa uleule, chenye matundu wazi juu na chini, nunua hicho. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine mpya unayoiota.

Na lile tangazo la "15 bar" kwenye boksi lisikuzuzue. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu. Espreso inataka bar 9 hivi pale juu ya kahawa, na maji ya nyuzi joto kati ya 90 na 96. Mashine za kwanza za Italia, za mwanzo wa karne ya 20, zilisukuma kwa mvuke, na nguvu yake ilikuwa ndogo mno. Lile povu la rangi ya dhahabu lilikuja kujulikana mwaka 1948, Achille Gaggia wa Milan alipoleta mashine za mkono wenye springi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Haya, tunapika. Washa mashine mapema, iache ipate moto dakika 15, na mpini wa kikapu ukiwa mahali pake ili nao upashe. Chuma baridi hunyonya joto la maji, na maji yaliyopoa hutoa uchachu. Pima kahawa gramu 18 kwa kikapu cha vikombe viwili, kwa mizani ile ndogo ya jikoni. Usikadirie kwa kijiko. Kijiko cha leo si cha jana. Isagwe laini, lakini ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada bado usikie chembe. Itandaze sawasawa kikapuni, vunja mabonge, kisha shindilia mara moja kwa mkono ulionyooka. Hakuna haja ya kukandamiza hadi mishipa ya shingo itoke. Kinachotakiwa ni uso ulio sawa, kwa sababu maji ni mavivu, hupenya pale palipo dhaifu na kuacha kwingine kukavu.

Weka kikombe juu ya mizani, bonyeza, na uanze kuhesabu. Sekunde chache za mwanzo hakitoki kitu. Kisha linatoka tone jeusi zito, halafu uzi mwembamba wa hudhurungi unaoning'inia na kutikisika kidogo, halafu unaanza kupauka kuwa manjano. Ukifika gramu 36, zima. Hapo utazame saa: ukiwa kati ya sekunde 25 na 30, umo barabarani.

Ikimwagika kwa sekunde 12, nyepesi na chachu, saga laini zaidi. Ikitoa matone kwa shida hadi sekunde 50, chungu na yenye ladha ya majivu, saga nene zaidi. Na nawaomba, mnisikie vizuri: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nawajua. Kikombe kikiharibika mnabadili usagaji, mnaongeza kahawa, mnashindilia zaidi na mnabadili maji, yote kwa mpigo, halafu kikitoka kizuri hamjui kilichokiponya, na kikitoka kibaya mnaanza kulia. Gramu zibaki 18, kikombe kibaki 36, cheza na usagaji tu hadi saa ikubaliane nawe. Kisha onja. Ulimi ndio hakimu. Ukisikia bado inachoma kwa uchachu, iache iende hadi gramu 40. Ukisikia imezidi uchungu, izime mapema kidogo, au punguza joto kama mashine yako inaruhusu. Vikombe vya kwanza vya kila pakiti mpya vitaharibika, hata vya wahudumu wa hoteli huharibika, ila wao wanavimwaga wewe hujafika. Usijichukie kwa hilo.

Maji je? Tumia maji unayofurahia kuyanywa. Wakazi wa Dar wenye visima vya maji ya chumvi, tafadhali, hayo msiyatie: yanaua ladha na yanaijaza mashine ukoko. Maji ya dukani au ya chujio yanatosha.

Sasa wale msio na mashine na mnaona nawasahau. Birika la moka lipo, na kwa wengi wenu ndilo ningewashauri kwanza. Alfonso Bialetti wa Italia alilitoa mwaka 1933, mwaka uleule wakulima wa Kilimanjaro walipoanzisha ushirika wao wa KNCU, na hadi leo halina waya wala programu. Halifikii nguvu ya espreso, hata bar 2 ni taabu, kwa hiyo povu lile msilitarajie. Lakini unene na chokoleti utavipata. Tia maji ya moto chini, yaishie chini ya kile kitundu cha usalama. Jaza kahawa kikapuni bila kushindilia, isagwe nene kidogo kuliko ya mashine. Moto mdogo wa gesi, mfuniko wazi uone. Ikianza kutoa mlio wa kukoroma na rangi kupauka, ondoa papo hapo, utie kitako chake kwenye maji baridi. Wengi huliacha likorome hadi mwisho kwa uchu wa tone la mwisho, na tone hilo ndilo linaloharibu kikombe kizima.

Na wewe uliyetia kakao. Mdogo wangu, nilisoma barua yako nikashika kichwa. Unga wa kakao ni laini mno, ukilowa unaganda na kuziba chujio. Chini kuna maji yanayochemka na mvuke hauna pa kutokea ila kwenye kile kitundu cha usalama, na kama nacho kimeziba kwa ukoko, unasimama mbele ya kitu kinachoweza kupasuka usoni pako. Ukitaka kakao, na ya Kyela ni nzuri kweli, ikoroge pembeni na maziwa ya moto, kisha mimina kahawa juu yake. Ndani ya birika iwe kahawa na maji, basi.

Sukari sitawakataza. Wapo watakaokusuta kwamba espreso hainywewi na sukari. Waitaliano wenyewe huitia na hakuna anayewasuta. Maziwa nayo hukuza chokoleti, mradi yawe yenye mafuta na usiyachemshe. Yakipita nyuzi 65 hivi utamu wake unaondoka. Akili ni nywele, na ulimi ni hivyohivyo. Na msije mkaanza kuidharau kahawa chungu ya barazani, ile ya mdila na kashata, kwa kuwa sasa mna mizani jikoni. Ile ni kahawa nyingine, ina adabu yake na watu wake, na haikuomba kulinganishwa.

Osheni vyombo. Hili halina mjadala. Mafuta ya kahawa yanayobaki kwenye kikapu na kwenye birika huchacha, na ukipika juu yake unakunywa ya wiki iliyopita. Toa mashapo mara tu umalizapo, suuza kwa maji ya moto, kausha.

La mwisho ni la mwili wako, na hapa hatutaniani. Mmoja kaniandikia saa nane za usiku kunisimulia jinsi espreso yake ilivyotoka tamu, vikombe vinne baada ya chakula cha jioni. Sikushangaa saa aliyoandika. Kafeini haiondoki upesi: saa tano hivi baadaye, nusu yake bado imo mwilini. Usingizi ukikukimbia siku tatu mfululizo, unaamka na hasira, unamkaripia mume au mtoto, halafu unakunywa nyingine ili uchangamke. Mwenye vidonda vya tumbo amsikilize daktari wake kwanza kabla ya kunisikiliza mimi. Mjamzito, wataalamu wa afya wa Uingereza wanashauri usizidi miligramu 200 za kafeini kwa siku nzima, na chai na soda za kola zinahesabiwa humo humo, kwa hiyo kikombe kidogo kimoja kinakutosha, na robusta uiache hadi ujifungue.

Binti wa Mwanza, mwisho wa mwezi huu usiende hotelini. Pesa hiyo nunua robo kilo iliyokaangwa si zaidi ya wiki mbili zilizopita, tafuta ya kusagia ya mkono, na ukae na mashine yako hiyohiyo Jumamosi asubuhi ukiwa peke yako. Mashoga waite wiki inayofuata, waje saa nne asubuhi. Jioni wape chai ya tangawizi.